Kisigino cha Bi Rehani

Kila Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya mchana, Hidaya alimlisha mama yake.

Hakuwa na haraka. Alichemsha maji ya mchele, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, akakoroga sukari kidogo kwa kidole, kisha akafunua mtungi uliokaa kwenye kona ya jiko, mahali ambapo baridi ya Mtae haikufika. Ndani ya mtungi mlikuwa na utando. Mtu asiyejua angedhani ni ule utando wa maziwa yaliyochemka, ambao watu huuondoa kwa kijiko. Ulikuwa mweupe, mwembamba, mpana kiasi cha kufunika miguu miwili ya mtu mzima kutoka nyonga hadi vidole, na ulikuwa hai. Bi Rehani, mama yake Hidaya, aliuvaa chini ya gauni katika msimu wake wa mwisho wa kutembea, akipanda na kushuka mlima kama kawaida yake, na utando ukajifunza kila kitu ambacho miguu yake ilikijua. Bi Rehani alizikwa. Mwendo wake ukabaki mtungini.

Hidaya alipomaliza kumimina, alitumbukiza kiganja. Utando ulimjia, ukalala juu ya ngozi yake, ukaanza kutembea. Hatua zilipita kiganjani, nzito kisha nyepesi, nzito kisha nyepesi, hatua za mama mwenye kikapu cha matunda ya plamsi kichwani na kilima mbele yake. Mwishoni zilisimama, na ikaja milio miwili midogo, ko, ko. Hicho kilikuwa kisigino cha kulia kikigongwa kwenye jiwe la mlangoni kung'uta udongo kabla ya kuingia ndani.

"Amefika," alisema Hidaya, akatabasamu, kama alivyotabasamu kila Ijumaa.

Mwantumu, dada yake, alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, harufu ya mafuta ya nyonyo ikiwa imemtangulia. Alikuwa mchuaji katika Nyumba ya Mwendo, juu kidogo ya soko. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta namna nzuri ya kusema jambo alilokuja nalo, na mpaka anafika nyumbani hakuwa ameipata.

"Umesimama hapo kama mgeni," Hidaya alisema bila kugeuka. "Kuna nini?"

"Kuna mtu kaletwa. Shechambo, yule fundi wa nyavu za ukungu."

"Aliyeanguka mnarani mwaka juzi? Si walishamshona?"

"Wamemshona majuzi tu, na vizuri. Miguu ina damu, ina joto, ukiifinya anapiga kelele. Ila haikumbuki."

Hidaya alielewa. Hapakuwa na mtu Mtae asiyeelewa. Siku hizo kushona mishipa ya fahamu, uzi kwa uzi, kulikuwa kazi ya kawaida kwa madaktari, kama kuunga mfupa kulivyokuwa zamani. Ugumu ulianza baada ya kushonwa. Mshipa mpya uliokaa bila kazi hujifunga, na ukijifunga haufunguki tena. Mtoto mchanga ana muda wa kuanguka na kuinuka mpaka ajue. Mtu mzima aliyeshonwa hana muda huo. Lazima apewe mwendo uliokwisha kujulikana, auingize mwilini, mishipa iufuate kabla haijalala. Na hawezi kupewa mwendo wowote tu. Utando huchagua. Unataka urefu wa mifupa uwiane, uzito uwiane, hata ardhi iwe ileile. Waliwahi kumpa mtu wa milimani mwendo wa mkulima wa Mombo, kule bondeni. Akatembea vizuri sana sebuleni, na mteremko wa kwanza ukamtupa kwenye shamba la kabichi.

"Tumejaribu tando zote tulizonazo," Mwantumu alisema. "Zinajikunja kama zimeunguzwa. Jana nilichukua kipande cha mama. Kidogo, sawa na ukucha."

Mkono wa Hidaya ulitoka majini. "Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia. Nimekosa, nisamehe. Lakini Hidaya, kimelala. Nilikiweka kwenye goti la yule bwana, kikalala pale kama kimefika kwao."

"Kwa hiyo umekuja kuniomba au kuniarifu?"

"Kukuomba. Bila watoto wote wa marehemu kukubali hakuna kinachofanyika. Na daktari kasema mishipa yake inaanza kupoa."

"Na ukishampa, mtungini kinabaki nini?"

"Maji," Mwantumu alijibu, maana hakuona faida ya kupamba.

Hidaya alikaa kwenye kigoda. Alikuwa mwanamke wa vicheko vingi, mpishi wa harusi, mtu wa kumsikia kabla hujamwona, na ukimya wake ulimtisha dada yake kuliko ugomvi.

"Wewe ulikuwa Tanga unajifunza kuchua watu," alisema mwishowe. "Sikulaumu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa jikoni humu miaka yote. Nikisikia ko, ko, najua niteremshe chai. Hata siku tuliyogombana alfajiri, nikisikia ko, ko jioni, moyo unatulia. Dada, mimi sina picha ya mama ninayoipenda. Ninacho kile kisigino."

"Najua."

"Basi nina sharti. Mpe yule bwana miguu. Mpe mlima wote. Ila kisigino usikitoe. Kiache humo ndani yake."

"Hidaya, mwendo lazima usafishwe."

"Nani atajua? Wewe ndiye mwenye vidole." Alivuta kanga ya mama yao kutoka kwenye kamba, akaufunga mtungi kwa mafundo mawili, akausukuma kwa dada yake. "Ataona ni udongo unamsumbua tu, anaung'uta. Na mimi nitakuwa nikipita kwao jioni mara mojamoja. Ni hilo tu ninaloomba."

Hapo ndipo Mwantumu alipaswa kusema hapana. Akasema, "Nitaona."

*

Sharti la kusafisha mwendo halikuwekwa na watu wasio na kazi. Zamani, tando zilipoanza, wachuaji waliuzamisha mwendo kama ulivyo, pamoja na mazoea yote ya marehemu. Kisha mjane mmoja akaenda gulioni kununua viazi, akauona mwendo wa mumewe ukikatiza kati ya mafungu ya nyanya, kwenye miguu ya kijana asiyemjua. Akaacha viazi. Akamfuata yule kijana mpaka kwake, akakaa uani, hakuomba kitu, hakusema kitu, akawa anamtazama akienda kisimani na kurudi. Kesho yake akaja tena. Kijana wa watu ilibidi ahame wilaya. Tangu hapo ikawa sheria kwamba mgonjwa apewe kutembea tu, na kila kilichokuwa cha marehemu kitolewe.

Na hakuna chombo kilichoweza kukitoa isipokuwa mkono mtupu. Utando ukishalazwa kwenye mguu, kabla haujazama, mazoea hupanda juu yake kama punje za mchele chini ya kitambaa. Mchuaji huzitafuta kwa vidole, huzikamua polepole kuelekea chini, huzinyofoa. Punje ikitoka huingia kiganjani, na hapo ana muda mfupi tu wa kutia mikono katika beseni la maji ya chumvi. Asiponawa, kile kitu hutafuta pa kukaa. Kihiyo, mchuaji wa Soni, aliwahi kuitwa kwenye simu akasahau beseni. Mpaka leo, mzee wa watu akipita mbele ya bendera anabamiza mguu kama askari, na jeshini hajawahi kukanyaga. Wanafunzi wote wa kuchua husimuliwa habari za Kihiyo siku ya kwanza, wanacheka mpaka machozi, halafu hawasahau kunawa maishani mwao.

Mwantumu naye hakuwahi kusahau.

Shechambo aliletwa amelala kwenye machela, mkewe Foibe akishika upande mmoja. Alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, kifua kipana cha mpandaji, mikono yenye makovu ya nyaya, na miguu iliyokonda chini ya shuka. Maji yote yaliyonywewa upande ule wa mlima yalitoka kwenye nyavu alizokuwa akizishona huko juu, ukungu ukimpita masikioni. Sasa alikuwa anatazama dari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Huyu mke wangu ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho."

"Nikimwacha anaisha," Foibe alisema, akakunja machela. Alicheka, lakini macho yalikuwa kwenye ule mtungi uliofungwa kanga.

Mwantumu alianza na maji ya moto. Alichovya taulo, akakamua, akakanda nyonga, mapaja, magoti, vilevile wanavyokandwa wazazi baada ya kujifungua. Ndiko alikoanzia kazi, kwa mama yake, akiwa msichana wa kubeba ndoo, kabla hajaona utando wowote.

"Mama," Shechambo alisema kwa kuguna, mvuke ukimpanda usoni, "mimi sijajifungua."

"Subiri. Leo utajifungua miguu."

Kisha mafuta ya nyonyo. Alianza kwenye nyayo, dole gumba likisukuma kutoka kisigino hadi chini ya vidole, tena na tena, mpaka ngozi ikapata rangi. Akapanda kwenye vigimbi. Misuli ilikuwa imejikusanya mafundomafundo, migumu, yenye kinyongo. Fundo halitaki kuvamiwa. Aliliwekea kiganja kwanza, akasubiri, akaegemea kwa uzito wa bega bila kutumia nguvu za mkono, na lilipoanza kulegea akalifuata, asilipite wala asiliache nyuma. Shechambo alitoa jasho. Mara mbili alitaja jina la Mungu.

"Inauma?"

"Inauma sana, mama."

"Vizuri. Mguu uliokufa haulalamiki."

Miguu ilipokuwa myekundu na laini, alifungua kanga, akautoa utando kwa mikono miwili, akaulaza.

Alikuwa ameshalaza tando nyingi katika maisha yake, za wakulima, za walimu, na mmoja wa padri mnene. Hakuwahi kulaza wa mtu wake. Kwa pumzi chache haukufanya kitu. Kisha ulitetemeka kuanzia nyonga, ukajivuta, ukajipanga juu ya mapaja ya Shechambo, ukashika. Mwantumu akaweka viganja juu yake ili kuuongoza, na mama yake akaanza kupanda mlima.

Alizijua hatua zile. Aliijua njia. Hapa ni daraja la magogo, miguu inapanuka kidogo. Hapa njia inaingia msituni, vidole vinashika ardhi kwa sababu ya mizizi. Hapa ni kona ya jiwe kubwa, pale ambapo Bi Rehani alikuwa akisimama, anavuta pumzi, anajisemea "haya basi," anaendelea. Misuli iliyolala miaka miwili ilikuwa ikicheza chini ya viganja vya Mwantumu mmoja baada ya mwingine, kama taa za kijiji zikiwashwa. Paja, kigimbi, wayo. Paja, kigimbi, wayo. Mtu aliyekufa alikuwa anamfundisha mtu aliye hai namna ya kwenda nyumbani.

"Mama," Shechambo alinong'ona, "kuna mtu anatembea ndani yangu."

"Mwache atembee."

Foibe alikuwa amejifunika mdomo.

Mazoea yakaanza kupanda. La kwanza Mwantumu alilikuta kwenye nyonga ya kushoto, punje nene, ya zamani. Alipoligusa alielewa. Utando huvaliwa msimu mmoja, lakini mguu huhifadhi kila ulichowahi kubeba, na hii ilikuwa ile namna ya kuegemea kushoto ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni anayelala upande mmoja. Bi Rehani alikuwa amepanda mlima hivyo hadi uzeeni, wakati mgongoni hapakuwa tena na mtu. Na mtoto aliyekuwa analala upande huo, kwa habari alizosimuliwa tangu utotoni, ni yeye, Mwantumu. Alistaajabu, hofu na furaha vikamjia pamoja, akashindwa kujua alie au acheke. Kwa miaka yote ile mama yake hakuwahi kumtua.

Akaikamua. Ilikuwa sheria, na punje hii hakuwa ameiahidi kwa mtu. Ilishuka kwa uzito kupita goti, kupita kigimbi, ikaingia kiganjani ikiwa na joto, naye akanawa. Maji ya chumvi yalichemka kidogo, yakatulia. Akatoa ule mpumziko wa kwenye kona ya jiwe kubwa. Akanawa. Akatoa namna ya kuburuta kidole kidogo siku za baridi. Akanawa.

Likabaki zoea moja. Lilikuwa kwenye kisigino cha kulia, punje mbili ndogo zilizolala sambamba. Alipozipitishia kidole zilijibu, ko, ko, wazi kabisa, hata akageuka kutazama mlango.

Mkono wake ukasimama.

Ingekuwa rahisi. Angeshusha tu kiganja, aufunge utando kwenye vidole vya miguu, basi. Utando ungezama, na jambo lenyewe lingezama nalo. Shechambo angefika mlangoni kwake, angegonga kisigino, asingejiuliza hata siku moja. Hidaya angepita jioni na kapu lake, angesimama kidogo nje ya ua, angesikia, angeondoka na moyo uliotulia. Nani angeumia?

Lakini alipomwona Hidaya amesimama nje ya ua, alimwona pia yule mjane wa viazi. Na alipomtazama Shechambo, alimkuta anamtazama.

"Kuna nini, mama? Mbona umeacha?"

*

Mwantumu alifuta jasho kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Mwanangu, mwendo huu ni wa mama yangu."

"Nilihisi. Ile kanga si ya mtungi."

"Nimetoa kila kilichokuwa chake. Kimebaki kimoja. Alikuwa na kawaida ya kugonga kisigino mlangoni kabla ya kuingia, kung'uta udongo. Mdogo wangu aliniomba nikiache ndani yako, na nisikuambie. Mimi sikukataa. Mpaka sasa hivi nilikuwa nataka kukiacha." Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Kwa hiyo nakuuliza. Nikiache au nikitoe?"

Chumbani palisikika maji yakidondoka kutoka kwenye taulo.

"Kiache, baba Eliya," Foibe alimwambia mumewe haraka. "Ni kisigino tu. Watu wametupatia miguu mizima."

Shechambo alikuwa anatazama dari, ile dari aliyokwisha kuizoea katika kila nyumba aliyolazwa.

"Foibe, unakumbuka asubuhi zetu? Unanitoa nje. Unauliza, tumweke juani au kivulini? Unamuuliza jirani. Jirani anasema kivulini. Nawekwa kivulini."

"Nilikuwa sijui la kufanya," Foibe alisema.

"Najua, mke wangu. Sikulaumu, ulinibeba mpaka mgongo ukapinda. Nasema tu kwamba ni miaka miwili sijaulizwa habari za miguu yangu. Huyu mama ndiye wa kwanza." Akamgeukia Mwantumu, macho yamelowa. "Mama, nakushukuru wewe na huyo marehemu, na nitamwombea kila nikisimama. Lakini umeniuliza, basi nakujibu. Nataka nikifika mlangoni kwangu niingie mimi. Kitoe. Unisamehe."

Jibu hilo lilimuuma. Hakuna haja ya kuficha. Lilimuuma mpaka akatamani asingeuliza. Akasema, "Hakuna la kusamehe," na akainamisha kichwa ili kazi imfiche uso.

Punje zile hazikutaka kutoka. Zilikuwa zimekaa pale muda mrefu kuliko yeye alivyoishi. Alizipashia mafuta, akazizungukia kwa dole gumba, akazibembeleza kama anavyobembelezwa mtoto aachie titi. Ilipoachia ya kwanza, ya pili ikaifuata palepale. Zilimwingia kiganjani pamoja, zikagonga mara mbili dhidi ya mfupa wake, kwa upole, kama mtu anayeomba kupita. Alifunga ngumi. Beseni lilikuwa karibu na goti lake.

Wakati huohuo utando ulizama.

Ulizama wote mara moja, kutoka nyonga hadi vidole, kama maji kwenye mchanga, na miguu ya Shechambo ikabaki mitupu, inang'aa mafuta. Dole gumba la kushoto likasogea. Likakunjika, likanyooka. Foibe alipiga yowe. Goti likapanda. Shechambo akakaa, akashusha miguu sakafuni bila kumwomba mtu, na kabla Mwantumu hajapata neno la kumzuia akawa amesimama, mrefu, mrefu kuliko walivyomkumbuka, anayumba, mikono inatafuta nyaya zisizokuwepo.

"Anaanguka!" Foibe alilia.

Mwantumu alimrukia. Alimkamata kiunoni kwa mikono miwili, akamwegemeza begani, na wakasimama hivyo, wote wawili wakihema.

"Usimshike sana," alijiambia kwa sauti. "Mwache aone njia."

Akalegeza mikono. Shechambo akapiga hatua. Ilikuwa hatua ya Mtae, ya kushika ardhi kwanza kwa vidole, nzito, kisha nyepesi. Akapiga nyingine. Alipofika ukutani aliugusa, akageuka, akarudi, na safari ya kurudi tayari haikuwa ya Bi Rehani. Mabega yalikuwa yametanuka, hatua imekuwa ndefu, na alikuwa anatembea kama mtu aliyezoea kupita juu ya waya. Foibe aliyekuwa amekaa sakafuni alianza kulia kwa kwikwi. "Ni yeye," alisema. "Ndivyo alivyokuwa anatembea. Mungu wangu, ni yeye mwenyewe."

Mwantumu aliegemea ukuta. Katika miaka yake yote ya kuchua hakuona kitu kikubwa kuliko hicho, mtu kuondoka amelala na kurudi kwa mkewe amesimama. Alijiona mdogo, na alifurahi kuwa mdogo. Wakamvalisha viatu. Wakamsindikiza mpaka nje, na nusu ya soko ikaacha kuuza ili itazame. Wanawake walipiga vigelegele. Shechambo alipanda kile kilima cha kwao bila fimbo, mkewe nyuma yake akiwa amebeba machela tupu kichwani.

*

Mvua ilimkuta Mwantumu njiani. Alipanda polepole, mtungi mtupu umefungwa kanga mgongoni, akiwa anapanga maneno. Angeanza na habari za Shechambo, jinsi alivyosimama. Kisha angesema, niliulizwa kwa macho nikashindwa kunyamaza. Hapana, angesema tu, nimekitoa. Hidaya alistahili kuambiwa kwa mkato. Kwenye kona ya jiwe kubwa alipita bila kusimama. Kwa mbali aliona taa ya jikoni, na moshi ukitoka chini ya paa, na akajua kuwa mdogo wake anapika huku masikio yakiwa nje.

Alifika. Njia ilikuwa matope matupu. Alinyoosha mkono kusukuma mlango.

Ko, ko.

Ndani sufuria ilianguka.

"Mama?" Hidaya aliita.

Mwantumu aliganda. Alitazama chini. Kisigino chake cha kulia kilikuwa bado kwenye jiwe, udongo mwekundu umemeguka pembeni yake. Hakuwa ameuagiza mguu ule kufanya kitu. Akaitazama mikono yake, akaiona kama ilivyokuwa mchana, imefunga ngumi, halafu imemkamata mtu kiunoni. Akaliona beseni karibu na goti lake, maji yametulia. Alikuwa hajanawa. Yeye, aliyewasimulia wanafunzi habari za Kihiyo miaka nenda rudi, hakuwa amenawa.

Mlango ulifunguliwa. Hidaya alisimama na mwiko mkononi, uso wake uko wazi kabisa, kama wa mtoto aliyeamshwa. Alimtazama dada yake. Akatazama nyuma yake, gizani, kwenye mvua. Akamtazama tena.

"Nilimuuliza," Mwantumu alisema. "Akakataa. Nikakitoa, Hidaya, sikumdanganya mtu. Halafu akataka kuanguka nikamrukia, na beseni..." Akaonyesha viganja. "Sijui kama nilisahau. Nakuapia, sijui."

Machozi yalikuwa yakimshuka Hidaya na hakuyafuta.

"Bado kinatoka," Mwantumu aliendelea, maana kazi ilikuwa imemfundisha kusema ukweli wote. "Kikilaliwa usingizi ndio basi. Lakini usiku huu bado. Chumvi ipo, maji yapo. Niambie tu nichemshe, nitachemsha."

Hidaya aliweka mwiko chini. Alinyoosha mkono, akaupokea mtungi mtupu, akaukumbatia.

"Hebu rudi pale njiani, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Halafu uingie tena."